Mwalimu Aliyevuka Bahari Kuusaka Udaktari

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walilonga ya kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndugu msomaji, methali hii tumeitia katika insha zetu mara nyingi hata imechakaa kama daftari la muhula wa kwanza. Lakini ni wangapi kati yetu wanaomjua mtu aliyeinama kweli kweli, akachekwa akiwa ameinama, akaumia akiwa ameinama, na bado akakitoa kilichokuwa mvunguni? Mimi namjua mmoja, japo alifariki zamani sana. Jina lake ni Elizabeth Blackwell. Alikuwa mwalimu, akageuka kuwa daktari, tena wakati ambapo shule za udaktari za Marekani na Uingereza zilikuwa hazijamfungulia mwanamke mlango.

Nimemchagua yeye kwa sababu darasani mwetu kuna mjadala usiokwisha. Mwishoni mwa Kidato cha Pili tuliambiwa tuchague masomo, na tangu siku hiyo kila mtu anapimwa kwa alichokichagua. Aliyeacha fizikia anaambiwa basi, uhandisi umemponyoka. Aliyeacha historia anaambiwa asiote tena uwakili. Wapo wanaosema ukishaishika njia umeishika, kugeuka ni kupoteza wakati. Wapo nao wanaosema kugeuka ni rahisi, ni kutaka tu. Nimeyasoma maisha ya Bi. Elizabeth, nikaona kwamba pande zote mbili hazijasema kweli yote. Tega sikio nikusimulie.

BINTI WA MTENGENEZAJI SUKARI

Elizabeth alizaliwa tarehe 3 Februari 1821 katika mji wa Bristol, Uingereza. Baba yake, Mzee Samuel Blackwell, alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari. Watoto wake waliofikia utu uzima walikuwa tisa. Kwa siku zile mzee huyu alikuwa mtu wa ajabu. Mabinti zake aliwatafutia walimu wa nyumbani, wakafunzwa masomo yale yale waliyofunzwa ndugu zao wa kiume. Aidha, aliuchukia utumwa, ilhali sukari iliyomlisha ilitokana na miwa iliyolimwa na watumwa. Jambo hilo lilimkera yeye na aila yake yote, hata watoto wakaacha kula sukari hiyo.

Mnamo mwaka wa 1832 biashara ilimwendea kombo, akawakusanya wote wakapanda jahazi kubwa kwenda Marekani. Safari ilichukua zaidi ya wiki saba. Elizabeth alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Walikaa New York, na mwaka wa 1838 wakahamia Cincinnati, mji ulio kando ya mto Ohio. Hawakuwa wamemaliza hata miezi mitatu huko Mzee Samuel alipougua homa, akaaga dunia mwezi wa Agosti. Familia ilibaki na kama dola 20 tu mfukoni. Elizabeth alikuwa na miaka kumi na saba, yaani umri wa wengi wetu tunaosoma jarida hili.

Sasa wangekula nini? Mama na mabinti wakubwa walifungua shule palepale nyumbani. Hivyo ndivyo Elizabeth alivyokuwa mwalimu. Hakuchagua ualimu, njaa ndiyo iliyomchagulia. Siku hizo mwanamke aliyesoma hakuwa na kazi nyingi za heshima mbele yake, ila hiyo na kuolewa. Mwaka wa 1844 alikwenda peke yake jimbo la Kentucky kufundisha shule ya wasichana katika mji wa Henderson. Huko aliuona utumwa kwa macho yake. Wanaomlipa mshahara ndio hao hao waliomiliki watu. Baada ya muhula mmoja alifunga mizigo, akarudi kwao.

NENO LA MGONJWA

Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Kulikuwa na rafiki ya familia, mama mmoja aliyekuwa akifa polepole kwa ugonjwa wa kike wenye maumivu makali. Elizabeth alikwenda kumjulia hali. Yule mama akamwambia kwamba lililomtesa kupita yote ni kulazimika kujieleza na kupimwa na madaktari wanaume, na kwamba angalikuwa na daktari mwanamke, sehemu kubwa ya mateso yake asingaliyapata. Akamuuliza kwa nini yeye, aliyejaliwa akili na afya, asisomee udaktari.

Msomaji mpendwa, usidhani Elizabeth aliruka kwa furaha. Kumbe alikuwa akichukia mambo ya mwili kuliko kitu chochote! Akiwa mwanafunzi, mwalimu mmoja aliwahi kuleta darasani jicho la ng'ombe dume ili waone maumbile yake, na Elizabeth akachefuka hata tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za viungo vya mwili. Vitabu alivyovipenda ni vya historia na falsafa. Kwa hiyo alimjibu yule mgonjwa kwamba jambo hilo haliwezekani.

Lakini neno lile lilimganda kama kupe. Akalala nalo, akaamka nalo. Akawaandikia barua madaktari aliowajua, nao wakamjibu kwamba wazo ni jema ila haliwezi kutimizwa: masomo ni ghali, ni marefu, na hakuna shule itakayompokea. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tungalikunja jamvi. Yeye majibu yale yalimtia ari. Tena aliandika baadaye bila kuficha kwamba alitaka kazi nzito ya kuujaza moyo wake ili asiwe wa kungoja ndoa tu.

MLANGO BAADA YA MLANGO

Pesa hakuwa nazo, basi ualimu ule ule asioupenda ndio uliogeuka kuwa ngazi. Mwaka wa 1845 alikwenda Asheville, North Carolina, kufundisha katika shule ya Mchungaji John Dickson, aliyekuwa daktari kabla ya kuingia uchungajini. Alimchagua makusudi, maana mchungaji huyo alikuwa na vitabu vya utabibu. Huko mwalimu mwenzake alimletea mbawakawa aliyekufa ili ajaribu kumpasua. Elizabeth alitetemeka, akasita, mwishowe akampasua kwa kisu kidogo. Ndani hakukuwa na kitu ila vumbi vumbi, lakini woga ulikuwa umemtoka. Mwaka uliofuata alihamia Charleston, South Carolina, nyumbani kwa ndugu ya mchungaji yule, Dkt. Samuel Dickson. Alifundisha muziki katika shule ya wasichana, na nje ya saa za kazi akasoma vitabu vya daktari huyo. Senti kwa senti akaweka akiba. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka wa 1847 alifika Philadelphia, mji uliosifika kwa shule za udaktari. Akabisha mlango wa kwanza, la. Wa pili, la. Akatuma maombi New York, huko nako la. Sababu walizotoa zilikuwa za kuchekesha na za kukasirisha kwa pamoja. Wengine walisema mwanamke hana akili ya kutosha. Wengine walisema anayo, na ndiyo maana hafai, kwa kuwa atawanyang'anya wagonjwa.

Madaktari wachache walimwonea huruma. Mmoja wao, Dkt. Joseph Warrington, alikuwa wa madhehebu ya Quaker, yale ambayo huku kwetu yana wafuasi wengi Magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka wa 1902. Alimwazima vitabu na kumwandikia barua za kumpigia debe. Ushauri mwingine aliopewa ulikuwa huu: avuke bahari aende Paris, avae suruali na koti la kiume, ajifanye mwanamume, asome. Elizabeth alikataa katakata. Hakutaka kuingia kwa kujificha, kwa sababu anayeingia kwa kujificha hawezi kumshikia mwenzake mlango.

Shule kubwa zilipomkataa zote, alitafuta orodha ya shule ndogo za mashambani, akachagua 12 zilizoonekana nzuri, akaziandikia. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wa 1847 likaja jibu moja la kumkubali. Lilitoka katika Chuo cha Udaktari cha Geneva. Geneva hii si ile ya Uswisi, bali ni mji mdogo katika jimbo la New York.

MZAHA ULIOTUMBUA

Kumbe nyuma ya barua ile kulikuwa na kisa. Maprofesa wa Geneva hawakutaka kumpokea, lakini hawakutaka pia kumuudhi Dkt. Warrington kwa kukataa. Wakaona wawasukumie wanafunzi mzigo. Waliwaambia wanafunzi, wapatao 150 na wote wanaume, wapige kura, na kwamba mmoja tu akipinga, mwanamke huyo hatapokewa. Maprofesa walijua fika kwamba katika kundi kama lile hatakosa wa kupinga. Wanafunzi nao wakadhani ni utani tu, pengine umetoka shule wanayoshindana nayo. Wakapiga makelele, wakasema ndiyo kwa vicheko. Aliyethubutu kusema la alizongwa na wenzake mpaka naye akasema ndiyo.

Basi asubuhi moja mwezi wa Novemba wakashtuka kumwona mwanamke mfupi, mpole, amekaa darasani na kalamu yake. Ng'o! Mzaha umetumbua usaha. Darasa lile lilikuwa la fujo kupindukia, lakini siku hiyo lilinyamaza kama maji ya mtungi, na kwa miezi iliyofuata likaendelea na adabu mbele yake. Nje ya darasa ndiko kulikokuwa na shida. Wanawake wa mji walisimama njiani kumkodolea macho kama mnyama aliyetoroka mbugani. Katika nyumba aliyopanga, mke wa daktari mmoja alikataa hata kumsemesha mezani. Waliamua kwamba ama ni mtu mwovu ama ni mwendawazimu.

Siku moja profesa wa anatomia, Dkt. James Webster, alimwomba asihudhurie vipindi vya viungo vya uzazi, ati atapata haya. Elizabeth alimwandikia kwa heshima kwamba yeye ni mwanafunzi kama wengine, na kwamba kama kuwepo kwake kunasumbua yuko tayari kukaa kiti cha nyuma kabisa. Profesa aliisomea darasa barua ile. Wanafunzi wakapiga makofi, naye akaingia. Hebu fikiria, wale waliompokea kwa mzaha ndio waliokuwa sasa upande wake!

Wakati wa likizo ya mwaka wa 1848 alikwenda kujifunza kazi katika hospitali ya maskini ya Blockley, Philadelphia. Madaktari vijana wa pale walitoka wadini kila alipoingia. Wakaacha hata kuandika ugonjwa na dawa kwenye kadi zilizokaa juu ya vitanda, makusudi asijue mgonjwa anaugua nini. Ikawa sharti atambue mwenyewe. Mwaka huo wahamiaji walikuwa wakimiminika kutoka Ireland wakiikimbia njaa, na wengi walishuka melini wakiwa na homa ya taifasi. Elizabeth aliwachunguza, akaandika tasnifu yake juu ya ugonjwa huo, akisisitiza usafi, hewa safi na makazi bora. Taifasi huenezwa na chawa. Hilo halikujulikana wakati huo, lakini usafi aliousisitiza ulikuwa njia sahihi.

Tarehe 23 Januari 1849 alihitimu, akiwa ndiye wa kwanza katika darasa lake. Ndiye mwanamke wa kwanza kupata digrii ya udaktari Marekani. Mkuu wa kitivo, Dkt. Charles Lee, alisimama akamwinamia kwa heshima. Mtu akikomea hapo atasema hadithi imekwisha, mzuri amepata. La hasha! Ndiyo kwanza mkoko ulikuwa unaalika maua.

NG'AMBO

Digrii bila mazoezi ya hospitali ni kama jembe bila mpini. Marekani hakuna hospitali iliyomtaka. Kwa hiyo mwezi wa Aprili 1849 alipanda meli, akarudi Uingereza alikozaliwa, kisha akaenda Paris. Huko nako, licha ya digrii yake, walimwambia mahali pekee atakapopokewa ni La Maternité, hospitali kubwa ya wazazi, na si kama daktari bali kama mwanafunzi wa ukunga. Yaani daktari aliyeongoza darasa arudi kukaa na wasichana wanaoanza! Bwenini walilala wengi pamoja, hawakuruhusiwa kutoka watakavyo, na zamu za usiku zilifuatana na za mchana. Elizabeth alikuwa na miaka 28. Akapiga moyo konde, akaingia. Alisema moyoni kwamba katika miezi michache atazalisha akina mama wengi kuliko wanaozalishwa na madaktari wengi kwa miaka. Na kweli alijifunza sana.

Tarehe 4 Novemba 1849, kabla hakujapambazuka, alikuwa akimsafisha macho mtoto mchanga aliyeugua ugonjwa wa usaha, ule ambao mtoto huupata kwa mamaye wakati wa kuzaliwa. Maji yakamrukia katika jicho. Kufikia jioni jicho lilikuwa linawasha, na asubuhi yake kope zilikuwa zimegandana. Hakukuwa na dawa za viuavijasumu wakati huo. Daktari kijana aliyeitwa Hippolyte Blot alimhudumia usiku na mchana. Walimchoma kope kwa dawa, wakamwekea ruba wa kunyonya damu kipajini, wakamwosha jicho kila saa. Kwa muda wa wiki tatu hivi alikaa gizani na macho yote mawili yamefumbwa. Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikupona, na mwaka uliofuata lilitolewa akawekewa la kioo.

Ndugu zangu, aliyechefuka kwa jicho la ng'ombe darasani alipoteza lake mwenyewe hospitalini. Ndoto yake ilikuwa awe daktari mpasuaji. Ndoto hiyo ilikufa papo hapo. Nilipofika ukurasa huo nilikifunga kitabu kwanza. Mtu ameacha kazi, amekula akiba, amevuka bahari, amevumilia kicheko cha mji mzima, halafu hili! Kama angerudi kufundisha muziki, ni nani angemlaumu?

Hakurudi. Alibadili lengo, hakubadili safari. Mwezi wa Oktoba 1850 alikubaliwa kujifunza katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London, chini ya Dkt. James Paget aliyesifika sana. Aliruhusiwa kuingia wadi zote isipokuwa moja tu. Unajua ni ipi? Ya magonjwa ya wanawake! Profesa wa idara hiyo hakumtaka. Huko London pia alifanya urafiki na Florence Nightingale, wakati huo bado hajapata jina, wakazungumza sana juu ya usafi wa hospitali.

NANI HULIPA?

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye hadithi. Shangazi yangu alikuwa akifundisha chekechea. Akiwa na miaka thelathini na mmoja aliacha kazi akaingia chuoni kusomea uuguzi. Majirani walimsema mpaka basi: ati mtu mzima na watoto wawili atakaa darasa moja na vitoto vilivyotoka kidato cha nne jana. Nyanya yangu hakuwajali. Lakini yapo mambo ambayo majirani hawakuyasema, nami nayajua kwa sababu naishi nyumba hiyo. Mshahara wa shangazi ndio uliokuwa ukichangia karo yangu. Ulipokatika, nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mara mbili muhula mmoja. Baba akauza mbuzi. Watoto wa shangazi wakahamia kwetu, tukawa tunasoma wanne kwa taa moja. Shangazi naye alikuwa akija mwisho wa mwezi, anafua nguo za wanawe usiku, alfajiri anadandia matatu ya kwanza.

Ndiyo maana niliposoma habari za Elizabeth nilitazama sana ni nani waliokuwa nyuma yake. Niliwakuta. Dada zake walibaki Cincinnati wakiishikilia nyumba. Binamu yake wa Uingereza, Kenyon Blackwell, alimsaidia alipokwenda ng'ambo. Mtu akibadili njia, gharama haimwangukii yeye peke yake. Wale wanaosema kugeuka ni kutaka tu, hawajawahi kuishi nyumba ambamo mtu amegeuka.

MLANGO UNAOFUNGWA

Turudi kwa Elizabeth. Mwaka wa 1851 alirudi New York, akatafuta chumba cha kufungua kliniki. Wenye nyumba walimkataa waliposikia ni daktari mwanamke. Wagonjwa hawakuja. Barua za matusi zisizo na jina ndizo zilizokuja. Alijikimu kwa kutoa mihadhara juu ya afya ya wasichana, na wanawake wa Quaker waliomsikia ndio wakawa wagonjwa wake wa kwanza. Mwaka wa 1853 alifungua zahanati ndogo kwenye mtaa wa maskini. Mwaka wa 1854, kwa kuzidiwa na upweke, alimchukua mtoto yatima wa Kiirishi, Kitty Barry, akamlea. Kitty aliishi naye hadi mwisho wa maisha yake.

Na je, Geneva, chuo kilichomfungulia mlango? Mdogo wake, Emily, naye alitaka udaktari. Alipoomba Geneva, walimkataa! Alisoma mwaka mmoja Chicago, chuo hicho kikalaumiwa na madaktari wa jimbo, naye akanyimwa nafasi ya kurudi. Mwishowe alihitimu Cleveland mwaka wa 1854. Hili ndilo jambo lililonigusa kuliko yote. Tunadhani mmoja wetu akishapenya, basi njia iko wazi kwa wote. Wapi! Mlango uliofunguliwa kwa mzaha ulifungwa kwa makusudi.

Elizabeth aliielewa somo hiyo. Hakuendelea kubisha milango ya watu; alijenga wake. Mwaka wa 1857, yeye, Emily na Dkt. Marie Zakrzewska walifungua hospitali ya wanawake na watoto maskini mjini New York, na madaktari wake wote wa kudumu walikuwa wanawake. Siku moja mgonjwa alifariki baada ya kujifungua. Jamaa zake wakaja na majembe na sururu, wakipiga kelele kwamba madaktari wanawake wanaua watu. Waliokolewa na mfanyakazi mmoja wa Kiirishi aliyeijua hospitali hiyo, akawauliza wale jamaa kama kwa madaktari wanaume watu hawafi. Umati ukatawanyika.

Mwaka wa 1868 waliongeza chuo cha udaktari cha wanawake hapo hapo. Elizabeth mwenyewe alifundisha usafi na kinga ya magonjwa. Daktari mmoja Mweusi, Rebecca Cole, alifanya kazi nao, akizunguka nyumba za maskini kuwafundisha akina mama malezi na usafi. Nadhani Mzee Samuel, aliyechukia utumwa, angalifurahi kuiona siku hiyo.

Mwaka wa 1869 Elizabeth alimwachia Emily kazi ya New York, akarejea Uingereza. Tayari mwaka wa 1859 alikuwa ameandikishwa katika daftari la madaktari la huko, mwanamke wa kwanza kuandikishwa. Mwaka huo huo msichana mmoja aitwaye Elizabeth Garrett alihudhuria mihadhara yake London. Msichana huyo naye alikataliwa na vyuo vya kwao, akavuka bahari, na mwaka wa 1870 akapata digrii yake ya udaktari mjini Paris. Mwaka wa 1874 shule ya udaktari ya wanawake ilifunguliwa London kwa juhudi za Sophia Jex-Blake, na wanawake hao wawili wakawa miongoni mwa walimu wake. Umeona? Mwalimu aliyeacha ualimu aliishia kufundisha tena, safari hii akifundisha madaktari.

Nisiwafiche, Bi. Elizabeth hakuwa malaika. Katika uzee wake alipinga chanjo, na hakuamini sana elimu mpya ya vijidudu iliyokuwa ikivumbuliwa. Hapo alikosea, nasi ambao tumechanjwa tungali wadogo tunajua hivyo. Kila chombo kwa wimbile. Alifariki tarehe 31 Mei 1910 katika mji wa Hastings, akiwa na miaka 89, akazikwa Kilmun, Uskoti.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, kwa wale wanaosema njia ukiishika umeishika: Elizabeth aliingia udaktari akiwa na miaka 26, ametoka kufundisha muziki. Na ualimu wake haukupotea bure, kwa sababu ndio uliomlipia karo na ndio aliorudi nao mbele ya madaktari vijana.

Pili, kwa wale wanaosema ni kutaka tu: mtazameni jicho lake. Mtazameni na Emily aliyefungiwa mlango. Kugeuka kuna bei, hulipwa zaidi ya mara moja, na hulipwa na wengi. Anayetaka kugeuka aijue bei hiyo mapema, awashukuru wanaomsaidia kulipa.

Tatu, ukipenya, usijisifu kwamba umepenya. Tazama nyuma uone kama mlango bado uko wazi. Kama umefungwa, tafuta mbao na misumari, ujenge mwingine mpana zaidi.

Kwa haya machache nawatakia wanachama wenzangu, walimu wetu na wasomaji wote fanaka katika masomo na mitihani. Kidato cha Nne, kazi kwenu. Sisi wa Tatu tuko nyuma yenu, na twaomba msitufungie mlango.